Jiko la kuchezea: mtu mzima hununua kwa macho, mtoto hulitumia kwa mdomo

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiletewa jiko la kuchezea, hapiki. Hufungua mlango wa oveni na kuufunga, akaufungua tena, akaufunga tena, mpaka wewe ndiye unayechoka. Kisha hutia kichwa ndani. Kisha hulamba bomba la sinki. Mzazi aliyemaliza jioni nzima akikaza skrubu amekaa pembeni anasubiri kikombe cha chai ya uongo, na chai haiji. Mengi tunayoyakosea wakati wa kununua yanaanzia hapo: sisi tunanunua kwa macho, mwenzetu anatumia mdomo, mikono na miguu.

"Limeandikwa miaka 3, lakini wangu ana akili kuliko umri wake"

Maandishi hayo yanahusu koo la mtoto kuliko akili yake. Nchini Marekani, vitu vya kuchezea vya watoto walio chini ya miaka 3 hupimwa kwa kisilinda chenye kipenyo cha milimita 31.7. Kipande chochote kinachotumbukia chote humo bila kulazimishwa kinahesabiwa kuwa kidogo mno, kwa maana kinaweza kumkaba mtoto. Ulaya nako, kwenye viwango vya usalama wa vitu vya kuchezea viitwavyo EN 71, utaona kiduara chekundu chenye uso wa mtoto na tarakimu 0-3 zilizopigwa mstari: ujumbe ni uleule. Na kama mtoto ni mwerevu kweli, basi ndiye atakayegundua upesi namna ya kung'oa kitasa cha jiko.

Nyumbani unaweza kutumia bomba la karatasi ngumu linalobaki karatasi ya chooni inapoisha. Ni pana kidogo kuliko kisilinda hicho, kwa hiyo linapima kwa ukali zaidi, na hilo ni jambo jema. Jiko lenyewe mara nyingi hufaulu. Wanaoanguka ni wale wadogo waliokuja ndani ya boksi: kiyai, zabibu za mbao, kikopo cha chumvi, kipande cha jibini. Cha duara ndicho kibaya zaidi kwa sababu huziba njia ya hewa kama kizibo cha chupa, na ndiyo sababu mipira midogo ya umri huu inatakiwa isipite kwenye tundu la milimita 44.4.

Kuna wanaokwepa vyakula bandia na kumwekea mtoto maharage makavu ndani ya sufuria. Yanalia vizuri yakikorogwa, nakubali. Lakini huingia puani na masikioni, yakipata unyevu yanavimba, na maharage mekundu yakiliwa mabichi yana sumu.

"Vyakula vya kukatakata ni salama, havina ncha kali"

Kisu cha mbao si tatizo. Angalia kinachoshikanisha vile vipande viwili vya karoti. Kama ni velkro, yaani utepe wa kunatisha na kubandua, sawa. Kama ni sumaku, ivute kwa nguvu uone kama inaweza kung'oka. Sumaku moja ikimezwa huenda ikapita. Mbili zikimezwa kwa nyakati tofauti hutafutana ndani ya tumbo, zikabana utumbo katikati mpaka zikautoboa.

Jambo jingine ni betri, maana siku hizi majiko mengi hutoa mlio wa kukaanga na kuwaka taa nyekundu. Zile bapa za duara, za aina ya saa, zikikwama kwenye umio, yaani njia ya chakula, zinaweza kuunguza nyama ndani ya saa 2. Hazihitaji kupasuka wala kuvuja: umeme wake unapogusana na unyevu wa mwili ndio unaotengeneza kemikali inayochoma. Kifuniko cha betri lazima kifunguke kwa bisibisi peke yake. Kikifunguka kwa ukucha, rudisha jiko ulikolitoa.

"Linalolia na kuwaka hufundisha zaidi"

Mwaka 2016 jarida la JAMA Pediatrics lilichapisha utafiti wa wazazi na watoto 26 wa miezi 10 hadi 16. Walipocheza na vitu vya umeme vinavyoongea na kuimba, wazazi walisema maneno machache zaidi, na watoto nao walitoa sauti chache zaidi, kuliko walipokuwa na vitabu au vitu vya kawaida. Havikuwa majiko, lakini sababu inahamishika bila shida: kitu kikishaongea, watu hunyamaza. Jiko bubu linamlazimu mtoto aseme "shshsh" mwenyewe. Kwangu mimi hiyo "shshsh" ina thamani kuliko taa zote.

"Seti ya vipande mia ndiyo yenye faida"

Kwa mtoto wa umri huu, vipande mia ni vitu vya kumwaga. Anageuza kikapu, anapita juu yake, anaondoka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walichapisha mwaka 2018 majaribio waliyofanya na watoto 36 wa miezi 18 hadi 30, mara wakiwa na vitu 4 chumbani, mara 16. Penye vinne, mtoto alikaa na kila kitu muda mrefu zaidi na kukitumia kwa namna nyingi zaidi.

Ningeanza na sufuria yenye mfuniko, mwiko, sahani mbili, vikombe viwili na vyakula vitatu au vinne vikubwa. Mfuniko usiuache: kufunika na kufunua ni nusu ya mchezo wote. Vikombe ni viwili kwa sababu maalumu. Mtoto anapoanza kuigiza, karibu na mwaka mmoja au kupita kidogo, hunywa yeye mwenyewe kutoka kikombe kitupu. Anapokaribia miaka miwili anaanza kumnywesha mdoli, paka, au wewe, na hapo kikombe cha pili kinapata mwenyewe. Vilivyobaki viweke kabatini, ubadilishe baada ya wiki kadhaa. Vitapokelewa kama vipya.

"Mtoto hupika na chochote, hata kipande cha mbao"

Hii ni kweli iliyowahishwa. Mtoto wa miaka mitatu au minne anaweza kuliita tofali samaki na akalikaanga bila wasiwasi. Wa mwaka na nusu bado anahitaji kijiko kinachofanana na kijiko. Lakini kufanana hakumaanishi kununua. Sufuria ndogo halisi, kikombe cha chuma cha pua na upawa wa mbao kutoka jikoni kwako vinafanana na vitu halisi kuliko seti yoyote, kwa kuwa ndivyo halisi. Usimpe tu kikaango kinachobanduka ngozi ya ndani wala chombo cha udongo chenye rangi ya kung'aa usichojua kilitengenezwaje, maana nakshi na ving'arishi vya namna hiyo vinaweza kuwa na madini ya risasi.

"La mbao ni la asili, la plastiki ni sumu"

Geuza hilo la mbao uangalie mgongo wake. Mengi ni MDF, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, na gundi hiyo inaweza kutoa fomaldehaidi, gesi inayowasha macho na koo, hasa likiwa jipya. Likinuka ukilifungua, lianike penye hewa siku kadhaa kabla ya kumkabidhi mtoto. Kuhusu rangi, Marekani haikubali zaidi ya sehemu 90 za risasi katika milioni kwenye rangi za vitu vya watoto tangu Agosti 2009. Kwa hiyo jiko la kurithi la miaka mingi, lenye rangi inayobanduka, ni zuri kwa picha tu. Alama ya CE nayo huchukuliwa kama cheti cha serikali. Kwa vitu vingi vya kuchezea ni kauli ya mtengenezaji mwenyewe kwamba amefuata masharti ya Ulaya.

Plastiki ngumu huoshwa kwa urahisi na haivimbi kwa maji. Jua huifanya iwe kavu na kuvunjika vipande vyenye makali. Chagua kwa mahali litakapokaa.

"Ni dogo, haliwezi kumwangukia"

Mlango wa oveni ukifunguka ni ngazi, na rafu ya juu ndiyo mwisho wa safari. Lifunge ukutani kama unavyofunga kabati, hasa la mbao, ambalo uzito wake ni faida mpaka siku linapolala. Kabla ya kununua, mpime mtoto amesimama, kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Sehemu ya kupikia iwe hapo au chini yake kidogo. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mvulana wa kawaida wa miaka 2 ana sentimita 87 hivi na msichana 86. Wakifika miaka 5 ni 110 na 109. Miguu ya jiko inayorefushwa ina maana kuliko tanuri la pili.

"Akiwa na lake, ataniacha nipike"

Dakika kumi, labda. Watafiti wa Marekani waliochapisha mwaka 2018 waliwauliza watoto wa umri wa chekechea kama wangependa kufanya kazi yenyewe au kuiigiza, na kwa sehemu kubwa walichagua yenyewe. Mtoto anakutaka wewe, na anachokifuata ni kitoweo chenye harufu. Jiko lake liweke mahali anapokuona, mbali na sufuria inayochemka, na mara mojamoja mpe kazi ya kweli isiyo na moto wala kisu. Vitasa vya plastiki havimfundishi kwamba vile vingine vinaunguza.

"Litamwongezea akili"

Mapitio makubwa ya tafiti katika jarida la Psychological Bulletin, mwaka 2013, yalikuta kwamba ushahidi wa mchezo wa kuigiza kuleta wenyewe akili au ubunifu ni dhaifu kuliko matangazo yanavyodai. Nunua kwa sababu anafurahia. Inatosha, na wavulana nao hufurahia.

"Sinki linalotoa maji ya kweli halina neno"

Lina neno dogo na kubwa. Kubwa ni kwamba mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache, kwa hiyo beseni la kujazia lisiachwe kando yake hata unapokwenda kufungua mlango. Dogo ni ukungu ndani ya kibomba, usioonekana mpaka utoke mweusi pamoja na maji ya "chai". Kila jioni fungua, kung'uta, acha wazi pakauke.