Nyama mbichi haimfanyi mbwa kuwa mkali

Imani ni ya zamani: mtoto wa mbwa akionja nyama mbichi, ataizoea damu na kesho atawageukia watu. Sivyo. Ukali wa mbwa hutokana na nasaba yake, hofu, maumivu, na hasa malezi ya kati ya wiki ya 3 na ya 14, umri anaopaswa kuzoeshwa watu, sauti na wanyama wengine. Akinguruma juu ya nyama, analinda chakula kitamu. Angeweza kufanya hivyo hata kwa kipande cha mkate.

Hatari halisi iko kwingine, na kwa bahati mbaya haizungumzwi sana. Mnofu mtupu una fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, ilhali mbwa anayekua huhitaji kalsiamu izidi fosforasi kidogo. Akilishwa mnofu peke yake kwa wiki kadhaa, mwili huanza kuchota kalsiamu kwenye mifupa, na miguu huweza kupinda au kuvunjika kwa mruko mdogo tu. Kuongeza unga wa mifupa kwa kukisia nako si dawa: kwa mbwa wa aina kubwa, kalsiamu ikizidi pia huharibu ukuaji.

Halafu kuna bakteria, kama salmonela. Mbwa anaweza kuwabeba bila kuugua, akawaambukiza wa nyumbani. Kugandisha nyama hakuwaui wote; kuipika vizuri ndiko huwaua. Anayeshikilia kumlisha mbwa wake nyama mbichi apangiwe mlo huo na daktari wa mifugo. Mifupa iliyopikwa asimpe kabisa, maana huvunjika vipande vyenye ncha.