Tani 56 si ruhusa ya kila lori

Kazi yangu ni kuwatafutia watu malori hapa Tabora, na kila msimu wa mavuno nasikia neno lilelile: "Mzigo na gari havifiki tani 56, mizani haitanisumbua." Wanaosema hivyo ni wafanyabiashara wazoefu, na wengine wamekwishatozwa faini kwa imani hiyohiyo. Mwaka huu limenichosha.

Tani 56 ni kikomo cha juu kabisa katika sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019. Kikomo hicho ni cha gari la ekseli saba, yaani mihimili saba ya magurudumu. Semi, yaani kichwa kinachovuta tela, ikiwa na ekseli sita mwisho wake ni tani 50: 8 za ekseli ya usukani, 18 za ekseli mbili za nyuma ya kichwa, 24 za ekseli tatu za tela. Tena hata ukiwa na tani 48 kwa jumla, kama zile ekseli mbili za kichwa zimelaliwa na tani 20, umezidisha. Mizani inasoma kila kundi la ekseli.

Tatizo huanzia kwenye kupakia. Makuli wanaanza mbele, wanabana magunia na kuyapandisha hadi juu, mzigo unaisha huku nyuma ya tela pamebaki patupu. Hapo kichwa kimebeba kuliko haki yake. Halafu kuna lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi. Mtu ana magunia 300 ya mchele, anapiga kilo 100 kila moja, anapata tani 30. Lumbesa ikiwa na kilo 120, mzigo huo ni tani 36. Ushauri wangu ni mmoja na sichoki kuurudia: pima magunia kumi kabla hujapakia, kisha tandaza safu ya kwanza sakafu nzima ya tela ndipo uanze ya pili.

Naambiwa nawatetea watu wa mizani. Natetea barabara. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kuwa uharibifu wa lami hupanda karibu kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Zidisha asilimia 20 tu, uharibifu unakuwa maradufu. Na njia yetu hii si ya Tabora peke yake. Kaskazini inapita Nzega hadi Tinde. Pale unachagua Shinyanga na Mwanza, au Kahama na kuendelea mpaka Rusumo, Rwanda. Kusini inashuka Sikonge, Mpanda, Sumbawanga, mpaka Tunduma unapoingia Zambia. Kipande cha Sikonge hadi Mpanda kikifa, mahindi ya Rukwa yanayokuja huku huenda yakazunguka Mbeya, Iringa, Dodoma na Singida, na gharama ya mzunguko huo ataibeba mlaji.

Wengine hudhani hii ndiyo barabara ya Cairo hadi Cape Town. Hapana. Ile inatoka Arusha, inapita Babati, Dodoma, Iringa na Mbeya. Inakutana na yetu Tunduma.

Eti ukiongeza upepo kwenye matairi uzito unapungua mizani. Haupungui hata kilo moja. Madereva, acheni kuwadanganya wenye mali.

Mzigo wa nje wenye lakiri, kile kifungo cha forodha, haupimwi? Unapimwa, na ukizidi utakusumbua zaidi, maana huwezi kukata lakiri ukapunguza mzigo kwa hiari yako.

Uvumi wa mwisho ni kwamba lami imeua reli. Haijaiua. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na bado ina kazi. Mteja akiniletea mzigo mzito usio na haraka wa kwenda Dar es Salaam, naulizia behewa kwanza. Lori namtafutia wa Sumbawanga, ambako reli haifiki.