Kuvumwani kwenye Magome ya Miti: Itazame Kabla ya Kuikwangua

Msimu huu wa mvua tumepokea malalamiko mengi kutoka kwa wakulima wa nyanda za juu za Kenya kuhusu "ugonjwa mweupe" wa miparachichi na mikahawa, na wengi hutufikia wakiwa wameshakwangua magome kwa brashi ya waya. Kinachokwanguliwa kwa kawaida ni kuvumwani, ambayo ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja, na chakula chake hutengenezwa na mwani kwa mwanga wa jua, si kwa utomvu wa mti. Huzidi kwenye tawi linalokufa kwa sababu majani yamepukutika na mwanga umeingia. Kuilaumu ni kuwashtaki waombolezaji kwa kumuua marehemu.

Anza na umbo. Ile iliyoshikamana na gome kama ukoko haibanduki bila kung'oa gome lenyewe. Miongoni mwake ni Graphis, yenye mistari myeusi mifupi inayofanana na mwandiko. Ile yenye umbo la majani bapa huinuka kwa ukucha, na upande wake wa chini huwa na rangi tofauti na wa juu. Ya tatu huning'inia au husimama kama kichaka. Ukidhani umeona Usnea, ile inayofanana na ndevu, chukua uzi mmoja uliolowa, uvute taratibu: ganda la nje litakatika na ndani utaona kamba nyeupe inayonyumbuka. Ramalina, jamii nyingine inayofanana nayo, haina kamba hiyo, na nyuzi zake ni bapa. Kisha tafuta, kwa lenzi ya kukuza mara 10, visahani vya uzazi, ungaunga au vijisindano juu ya uso wake.

Rangi ichunguzwe ikiwa kavu, kwani kuvumwani ya kijivu ikilowa hugeuka kijani. Utando wa rangi ya machungwa wenye manyoyamanyoya, usio na visahani, huenda ni mwani wa Trentepohlia peke yake.

Uzi huo mmoja uchukuliwe shambani kwako, si katika msitu wa umma. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 kinakataza kukata, kuchukua, kuharibu au kuondoa mazao ya msitu bila kibali, na mazao hayo, kwa tafsiri ya sheria, ni pamoja na magome, mimea na hata mimea midogo ya kijani inayotanda juu ya mawe na miti (moss). Adhabu ni faini isiyopungua shilingi 100,000, au kifungo kisichopungua miezi sita, au vyote viwili. Kusema kwamba tawi lilikuwa limeshaanguka si utetezi. Mtafiti anahitaji pia leseni ya NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, na leseni hiyo haichukui nafasi ya kibali cha msitu.

Wanaotuma picha kwa simu watume tatu: mti mzima, kipande cha karibu kikiwa kikavu, na kipande hichohicho kikiwa kimelowa, kando yake kukiwa na sarafu ya kuonyesha ukubwa. Tutaweza kutaja jenasi, yaani kundi la spishi zinazokaribiana, kama Usnea. Spishi mara nyingi huhitaji vipimo vya kemikali, kwa hiyo tunaomba tusiulizwe mara ya pili.