Picha kabla ya upasuaji wa saratani ya kinywa: inapima nini hasa

"Siti skani imetoka safi, kwa hiyo hakuna saratani." Hapa Tabora kauli hii nimeisikia kwa watu waliosoma kabisa, tena wakiitoa kwa furaha, huku mgonjwa bado ana kidonda pembeni mwa ulimi kisichotaka kupona. Inaniumiza kwa sababu inawarudisha watu nyumbani mapema mno.

Picha za kabla ya upasuaji ni vipimo vya kumwonyesha daktari saratani ya kinywa imeenea hadi wapi: imezama kiasi gani, imegusa taya au bado, imefika kwenye tezi za shingo au bado.

Kuthibitisha kwamba ni saratani ni kazi ya kipimo kiitwacho kinyama (biopsi). Mgonjwa anapigwa ganzi, kinakatwa kipande kidogo ukingoni mwa kidonda, kinapelekwa maabara ya patholojia, na seli zake zinaangaliwa kwa hadubini. Kidonda kidogo cha juu juu kwenye ulimi kinaweza kisionekane kabisa kwenye siti skani, hasa kama meno yamezibwa kwa madini, maana madini hayo hutawanya mistari juu ya picha palepale ulimi ulipo. Na kinyume chake pia hutokea: uvimbe ulioonekana kwenye picha ukawa ni usaha wa jino bovu. Eksirei ya taya ndiyo ya kuangalia kwa tahadhari zaidi, kwani mfupa hupoteza kati ya asilimia 30 na 50 ya madini yake ndipo uharibifu uanze kuonekana.

Nguvu ya picha iko kwenye kupima. Katika mfumo wa kimataifa wa kupanga hatua za saratani unaotumika tangu 2018, upana wa kidonda cha kinywa hautoshi, kina nacho kinahesabiwa. Kidonda cha sentimita moja na nusu kilichozama milimita 3 kinawekwa daraja la kwanza la ukubwa. Chenye upana uleule kikizama milimita 7, ni daraja la pili. Emaraai, yaani picha ya kwa sumaku, huonyesha misuli ya ulimi vizuri kuliko nyingine, siti skani huonyesha gamba la mfupa wa taya, ultrasaundi hukagua tezi za shingo. Hapo ndipo daktari wa upasuaji anapoamua kama atakata sehemu ya ulimi peke yake au pamoja na kipande cha taya. Hata hivyo, tezi yenye seli chache tu za saratani hupita bila kuonekana, ndiyo maana daktari anaweza kuondoa tezi ambazo picha haikuzitilia shaka. Ndugu wanaolalamika kwamba "amekatwa bure" wangeelezwa hili kabla ya upasuaji.

Wapo madaktari wanaotanguliza emaraai kabla ya kinyama, kwa sababu jeraha la kinyama huvimba na kuifanya saratani ionekane imezama kuliko ilivyo. Mgonjwa akitangulizwa picha, asidhani kinyama kimefutwa.

Mkoa wetu unalima tumbaku, Urambo, Kaliua na Sikonge, na wavutaji tunao majumbani. Anayevuta na kunywa pombe pia, hatari yake ya saratani ya kinywa ni kubwa zaidi kuliko ya anayetumia kimojawapo. Kwa mtu kama huyo, kidonda cha mdomo kilichopita wiki 3 hakifai kufungwa kwa jibu la picha.

Basi jirani akirudi kutoka hospitali yetu ya Kitete, au hata Bugando kule Mwanza, akasema picha imetoka safi, mpe pole ya safari, kisha umuulize taratibu: "Na kinyama je, majibu yake umepewa?" Kama hakijachukuliwa na kidonda bado kipo, mshauri arudi kwa daktari na swali hilohilo.