Ukurasa wa wavuti hauhitaji bando kuandikwa

Wengi wanaotamani kujifunza kutengeneza tovuti huahirisha kwa imani moja: kwamba bila intaneti ya kudumu na programu ya kulipia, huwezi kuanza. Imani hiyo inaeleweka, maana tovuti zote tunazozijua tumezifikia kwa bando.

Lakini kazi ya intaneti ni kusafirisha mafaili kutoka kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) hadi kwako. Kinachoyasoma na kuyaonyesha kwenye skrini ni kivinjari, programu kama Chrome au Edge, nacho tayari kimo ndani ya kompyuta yako.

Hakikisha mwenyewe. Zima data. Fungua Notepad, programu ya kuandikia iliyomo kwenye Windows, andika <h1>Chapati 500</h1>, hifadhi faili kwa jina jaribio.html, kisha libofye mara mbili. Kivinjari kitafunguka na maandishi makubwa yaliyokolea. Rudi Notepad ubadilishe 500 iwe 600, hifadhi, kisha kwenye kivinjari bonyeza F5: bei imepanda. Angalia tu faili lisiishie na .txt, hapo wanaoanza hukwama sana, na inauma mtu kukata tamaa kwa sababu ya herufi tatu.

Bando utalihitaji siku utakapotaka watu wengine waufungue ukurasa huo.