Fungua mdomo, usiseme "aaa"

Sanduku la maoni la idara yetu lilifunguliwa mwanzoni mwa mwezi kama kawaida, na safari hii karatasi nyingi zilihusu jambo moja: shingo. "Nimekuja kufanyiwa upasuaji wa henia, nimeishia kupimwa shingo kwa tepu ya fundi cherehani." "Daktari amenikagua mdomo kama ng'ombe wa mnadani, halafu tarehe imesogezwa." Mmoja, kwa herufi kubwa, ametaka kujua kama siku hizi tunashona mashati. Uongozi umeniomba nijibu, na najibu kwa nia njema, kwa kuwa naamini wengi waliandika kwa kutojua tu.

Tuanze na jina. Mimi ni daktari wa usingizi, yaani wa nusukaputi. Kila mwezi Machi, Siku ya Usingizi Duniani ikishatajwa redioni, mlangoni kwangu hujaa watu wanaotaka dawa kwa sababu hawapati usingizi usiku. Sinayo. Kazi yangu ni kumlaza mtu chumba cha upasuaji na kuhakikisha anaamka. Ila makoo ndiyo ninayoyatazama kutwa, na koo linalonisumbua mimi mezani mara nyingi ndilo linalomsumbua mwenyewe kitandani kila usiku bila habari.

Kipande cha njia ya hewa kilicho nyuma ya ulimi hakina mfupa wala gegedu la kukishikilia. Pua ina mfupa, kikoromeo kina gegedu, bomba la hewa lina pete zake. Hapo katikati ni nyama tupu iliyoshikiliwa na misuli. Hata ule mfupa mdogo ulio chini ya ulimi unaning'inia, haukuungana na mfupa mwingine wowote mwilini. Ukiwa macho, misuli hukaza. Ukilala hulegea, ulimi unarudi nyuma, na kama nafasi ilikuwa finyu tangu mwanzo, njia inaziba. Kifua kinavuta, hewa haipiti. Oksijeni inashuka, ubongo unashtuka, mtu anakoroma kwa kishindo, anavuta pumzi, analala tena, na mambo yanaanza upya. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi tunahesabu tukio moja. Kuanzia matukio 5 kwa saa tunaanza kuita ugonjwa, 15 hadi 30 ni wa wastani, zaidi ya 30 ni mkali. Madaktari huuita apnia ya usingizi. Asubuhi mgonjwa hakumbuki hata tukio moja na atakuapia kwamba alilala fofofo.

Kwa hiyo tafadhali: kukoroma si ishara ya usingizi mtamu. Nimelisema hili kwenye semina, nimelisema kwenye redio, na bado naambiwa "huyu mzee akilala analala kweli, si unamsikia?" Namsikia. Ndiyo maana nampima.

Kipimo cha mdomo tunachotumia kilianzia Boston. Mwaka 1985 Seshagiri Mallampati, daktari wa nusukaputi mzaliwa wa India, alichapisha njia ya kubashiri ni mgonjwa gani itakuwa kazi kumwingizia mpira wa kupumulia. Aliyapanga makoo kwa madaraja matatu, daraja likipanda koo linaonekana kidogo zaidi, na la nne liliongezwa na madaktari Samsoon na Young mwaka 1987. Baadaye ilionekana kwamba mdomo unaomtesa daktari wa nusukaputi unahusiana pia na pumzi kukatika usiku: utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kila daraja likipanda, uwezekano wa mtu kuwa na apnia huongezeka zaidi ya mara mbili.

Utaratibu ni huu, na naomba ufuatwe kama ulivyo. Kaa wima. Kichwa kitazame mbele, usikiinue wala usikiinamishe. Fungua mdomo mpaka mwisho. Toa ulimi wote nje. Kisha nyamaza. Watu wazima wote waliwahi kupelekwa kwa daktari utotoni wakaambiwa waseme "aaa", kwa hiyo wakifungua mdomo tu, "aaa" inatoka yenyewe. Ukisema "aaa" kaakaa laini linanyanyuka, kimeo kinaonekana, na mtu wa daraja la tatu ananidanganya kuwa ni wa pili. Hapo tunaanza upya. Ukilazwa chali matokeo yanabadilika pia, ndiyo sababu ya kile kigoda tunachowakalisha, mnachokilalamikia.

Daraja la kwanza naona kaakaa laini, kimeo chote na nguzo mbili za nyama pembeni. La pili nguzo zimejificha. La tatu naona shina la kimeo tu. La nne ni ulimi na kaakaa gumu, basi.

Sasa kuna tatizo letu wenyewe, ambalo Mallampati hakulipangia daraja. Wapo watu wengi ambao kimeo kilikatwa utotoni, kwa kikohozi kisichoisha, na mkataji wa mtaani mwenye kisu na uzi. Mtu wa namna hiyo akifungua mdomo, daktari mgeni huona pamejificha kumbe hapana kitu cha kujificha. Kama ulikatwa kimeo, tuambie. Hatutakucheka wala kumshtaki bibi yako. Na wale wanaokuja kuomba tuwakate kimeo ili waache kukoroma, jibu ni hapana. Upasuaji wa kaakaa upo, hufanywa na wataalamu wa masikio, pua na koo kwa wagonjwa wachache waliochaguliwa baada ya vipimo. Kukata kimeo peke yake hakuondoi ulimi unaorudi nyuma, na kwa mkataji wa mtaani kunaleta kutoka damu kusikokoma, pepopunda na maambukizi mengine ya kisu kisichochemshwa. Nimeona mtoto akiletwa usiku, kanga ya mama yake imelowa. Sina la kuongeza.

Shingo tunaipima usawa wa kikoromeo, tepu ikiwa imegusa ngozi bila kubana. Zaidi ya sentimita 40 ni alama moja. Zipo nyingine saba kwenye fomu iliyotungwa Toronto na timu ya Frances Chung, ikachapishwa mwaka 2008: kukoroma kwa sauti, uchovu wa mchana, kuonekana pumzi ikikatika, shinikizo la damu, uzito uliozidi, umri wa zaidi ya miaka 50, na kuwa mwanamume. Alama 3 au 4 ni hatari ya wastani, 5 na kuendelea ni kubwa. Wembamba wasijipongeze mapema. Ulimi ni nyama, taya ni sanduku. Sanduku likiwa dogo, au kidevu kimerudi nyuma, nyama ya kawaida tu inatosha kuziba. Ndiyo maana ninaweka pia vidole vitatu kati ya kidevu na kikoromeo. Visipoenea, naandika.

Mgonjwa mmoja, dereva wa lori, alikuja kwa ajili ya henia akiwa na mkewe. Shingo sentimita 44, mdomo daraja la nne. Nikamuuliza kama anakoroma. "Kidogo." Mama akacheka kicheko kisicho na furaha. "Daktari, baba watoto anakata roho kila usiku, anarudi. Mimi nakaa macho namhesabia." Mzee akasema mkewe anatia chumvi. Nikamwomba mama ahesabu mbele yangu, kutoka mlio unapokatika mpaka unaporudi. Alifumba macho, akahesabu polepole kwa midomo, akafika 23. Mzee alikuwa ameinamia kofia yake. Tarehe ya upasuaji tuliisogeza, na yeye ni mmojawapo wa walioandika karatasi za sandukuni.

Kwa nini tusogeze? Dawa za nusukaputi na za maumivu makali hulegeza misuli ileile na kuuchelewesha ubongo kushtuka. Mgonjwa anaweza kupita salama mezani, akapoteza pumzi saa chache baadaye wodini akiwa amelala chali, ndugu wakifurahi kwamba anapumzika. Tukijua mapema tunachagua ganzi ya mgongoni inapowezekana, tunapunguza dawa, tunamlaza ameinuliwa kichwa, na kipima oksijeni hakitoki kidoleni usiku wote.

Hata hivyo tepu na tochi si hukumu. Hizi ni chekeche. Madaktari wawili wanaweza kutazama mdomo mmoja wakaandika madaraja tofauti, na mtu wa daraja la kwanza anaweza kuwa mgonjwa. Anayethibitisha ni usiku wenyewe: kifaa cha kurekodi pumzi, oksijeni na mapigo ya moyo ukiwa umelala. Dawa yake kuu inajulikana tangu mwaka 1981, Colin Sullivan wa Sydney alipoonyesha kwamba hewa ikisukumwa puani kwa shinikizo dogo hulizuia koo lisizibe. Wanaoiita mashine hiyo ya kusukuma hewa kuwa ni ya wanaokaribia kufa wanachanganya mambo.

Utaratibu wa kifaa. Unakichukua alasiri ukiwa na kitambulisho na fomu yenye mhuri wa kliniki. Fomu bila mhuri inarudishwa, usigombane na karani. Usinywe pombe siku hiyo. Kucha ya kidole kitakachopimwa isiwe na rangi wala ya bandia. Kifaa kirudi kabla ya saa tatu asubuhi. Kikirudi saa sita, aliyekuwa anakisubiri amekosa usiku wake, na wewe majibu yako yanasubiri wiki inayofuata. Kikirudi kimelowa, ndugu yako aliyetia sahihi kama mdhamini ndiye tutakayempigia. Na aliyeficha dalili kwenye fomu, zikagundulika akiwa tayari amevaa gauni la upasuaji, anashushwa kitandani na kuanza foleni upya. Si adhabu, ingawa najua inauma kama adhabu.

Madereva wananiuliza kama nitawaripoti. Uingereza, dereva asiyeitaarifu mamlaka ya leseni ugonjwa unaoathiri uendeshaji wake anaweza kutozwa faini hadi pauni 1,000. Mimi kazi yangu ni kukutibu ili urudi barabarani, na nakuomba usishike usukani mpaka hapo. Kuwa na madereva wawili kwenye basi la safari ndefu ni jambo jema, lakini anayepumzika kiti cha nyuma huku pumzi inakatika mara 40 kwa saa atapokea usukani akiwa amechoka kuliko alipouacha.

Siku ya kliniki njoo na mtu unayelala naye chumba kimoja. Anayelala peke yake aweke simu karibu na mto irekodi sauti, na asiifute asubuhi kwa aibu. Dakika 30 zinatosha. Msituletee usiku kucha, tunao wengine wa kuwasikiliza.