Kabla ya Kubandika Kibao cha Kumbukumbu Stesheni

Tangu Mahakama Kuu ilipoelekeza mwaka 2025 kwamba Mamlaka ya Jiji la Kampala (KCCA) iondoe majina ya watawala wa kikoloni katika barabara za jiji, mjadala wa nani akumbukwe na akumbukwe wapi umehamia kwenye majengo ya umma, na stesheni za reli hazikusalimika. Maombi ya vibao vya kumbukumbu yanayotufikia sisi tunaoshughulikia mambo ya kale, yawe ya vijana, ya koo, ya madiwani au ya wastaafu wa reli, yana nia njema, na hilo silitilii shaka. Tatizo ni kwamba mengi huanza na jina la mtu, kisha ndipo stesheni ya kumbandika inatafutwa, ilhali kinachotakiwa kutangulia ni tukio lililotokea pale.

Ombi la kumwekea Omukama (mfalme) Kabalega wa Bunyoro kibao kwenye stesheni ya Jinja ni mfano mzuri. Ni kweli kwamba Kabalega alifia Jinja, Aprili 1923, akiwa njiani kurejea Bunyoro baada ya uhamisho wa zaidi ya miaka 20 huko Ushelisheli. Lakini mahali penyewe hapo Jinja ni Mpumudde, si stesheni, na Mpumudde ndipo panapostahili maneno hayo. Stesheni ya Jinja wakati huo ilikuwa ya Reli ya Busoga, iliyofunguliwa mwaka 1912 kwenda Namasagali, na ilikuwa bado haijaunganishwa na njia ya Mombasa. Vivyo hivyo Semei Kakungulu, mwanzilishi wa mji wa Mbale, ambao una deni kubwa kwake: alifariki mwaka 1928, na njia ya Tororo hadi Soroti inayopita Mbale ilikamilika mwaka 1929. Mtu huyu anastahili kibao, tena kikubwa, ila si ukutani mwa stesheni ambayo treni zake zilianza safari akiwa kaburini.

Naomba pia tuache kuandika kwamba reli ilifika Kampala mwaka 1901. Hili tumelisahihisha mpaka tumechoka. Mwaka 1901 reli ilifika ziwani, Kisumu, ambako wakati huo kulikuwa bado ndani ya Himaya ya Uganda, kabla ya eneo hilo kukabidhiwa upande wa Kenya mwaka 1902. Treni kutoka pwani ilifika Kampala mwaka 1931, baada ya daraja la Mto Nile pale Jinja kukamilika. Anayetaka kumtaja Kabaka (mfalme wa Buganda) Daudi Chwa II katika stesheni ya Kampala ana pa kuanzia, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kwenye kiti mwaka huo, lakini kuwa kwenye kiti si ushahidi kwamba alifanya jambo lolote stesheni.

Ushahidi, basi, ni nini? Ni hati, picha yenye tarehe, gazeti la wakati ule, au masimulizi ya watu zaidi ya mmoja wasiotoka nyumba moja. Hata Kisumu, iliyoitwa Port Florence, ina mgogoro wake hadi leo: wapo wanaosema Florence huyo ni mke wa Ronald Preston, aliyesimamia utandazaji wa reli, na wapo wanaomtaja mke wa George Whitehouse, mhandisi mkuu. Kama jina lililoandikwa kwenye ramani linabishaniwa, tusishangae kuulizwa maswali kuhusu babu ambaye hakuandikwa popote.

Utaratibu wenyewe ni huu. Jengo la stesheni ni mali ya Shirika la Reli la Uganda, kwa hiyo barua ya kwanza ni kwao, ikiwa na maneno kamili yatakayoandikwa, vipimo vya kibao, mchoro wa ukuta na jina la atakayekitunza baadaye. Nakala iende kwa idara ya makumbusho na kumbukumbu za kale katika wizara ya utalii. Idhini ya mmoja haichukui nafasi ya idhini ya mwingine, na kibali cha mdomo kutoka kwa mkuu wa stesheni si kibali. Palipotangazwa kuwa urithi panalindwa na sheria ya makumbusho na kumbukumbu za kale ya mwaka 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1967, na anayepaharibu anaweza kutozwa faini au kufungwa. Pasipotangazwa bado ni mali ya shirika, na kutoboa ukuta wa mwenye mali bila ruhusa yake ni uharibifu, hata kama jina lililobandikwa ni la shujaa. Kadhalika kung'oa kibao cha zamani kwa sababu kinamsifu mkoloni: andikeni barua, msije na nyundo.

Kwenye kuta za matofali ya zamani, skurubu huingizwa kwenye chokaa kati ya matofali, kamwe si kwenye tofali lenyewe, maana chokaa huzibika na tofali likipasuka limepasuka. Tumieni skurubu zisizoshika kutu. Shaba nyekundu inapendeza, lakini katika nchi ambamo hata mataruma ya chuma hung'olewa usiku na kuuzwa kama vyuma chakavu, kibao cha shaba hakitamaliza mwaka; jiwe lililochongwa linatosha.

Mapendekezo machache mno yanahusu wafanyakazi, na hapa nasema kwa maoni yangu binafsi. Vibarua takribani 32,000 waliletwa kutoka India kujenga njia ya Mombasa hadi ziwani, na karibu 2,500 walikufa. Hawakufia Jinja wala Tororo, kwa hiyo kibao chao kisiandikwe hivyo. Lakini wapo makuli wa pamba wa Namasagali, ambao gati lao lilimezwa na maji ya Ziwa Kyoga yalipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960, wapo walioshughulikia shaba ya mgodi wa Kilembe baada ya reli kufika Kasese mwaka 1956, na zipo familia zilizolea watoto kwa Kiswahili katika kwota (nyumba za wafanyakazi) za reli. Hao wana stesheni zao, na wazee wanaowakumbuka bado wanaweza kuhojiwa.

Kuhusu lugha, Kiingereza peke yake hakikubaliki tena kwa maoni yetu; Kiswahili na lugha ya mahali vipewe herufi za ukubwa uleule. Na tafadhali, mgeni rasmi asialikwe wala hema lisikodiwe kabla barua zote mbili za idhini hazijafika mkononi.